Limfu si maziwa: historia ya mishipa iliyojificha

Ukinywa supu pale Kenyatta Market baada ya nyama choma, mafuta yake mengi hayaendi moja kwa moja kwenye damu. Hupita kwanza kwenye mishipa myembamba ya limfu, yakiwa majimaji meupe kama maziwa.

Historia ya mishipa hiyo yafaa ijulikane. Mwaka 1622, tabibu Mwitalia Gaspare Aselli alimpasua mbwa aliyeshiba, akaona nyuzi nyeupe tumboni. Kwanza alidhani ni neva; alipozikata, zikatoa majimaji meupe. Kwa mbwa mwenye njaa hakuona kitu! Mwaka 1651, Mfaransa Jean Pecquet akaonyesha kuwa majimaji hayo hupanda kifuani hadi kwenye damu. Thomas Bartholin wa Denmark ndiye aliyeipa mishipa hii jina la limfu, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya maji maangavu.

Mtoto akizaliwa na kasoro kwenye mishipa hii, au ikiumia, majimaji huvuja na tumbo likafura. Madaktari hawakimbilii kisu. Humpa mafuta maalumu yanayopita kwenye damu moja kwa moja, humlisha kwa mshipa, hujaribu dawa. Yakishindikana hayo, ndipo hupasua. Saa kadhaa kabla, mtoto huweza kupewa chakula chenye mafuta ili tundu lijitoe lenyewe kwa weupe, kisha lifungwe kwa uzi. Si unaona? Ni somo lile lile la mbwa wa Aselli.

Sasa tuje kwenye lugha. Watu wa pwani wana mtoki, matende na mabusha: majina ya uvimbe, si ya njia zenyewe. Ndiyo maana mzazi huweza kuambiwa, "Mtoto ana maziwa tumboni." Lakini kwetu maziwa ni kinywaji na pia ni matiti. Mama akisikia hivyo, atalilaumu titi lake, pengine amwachishe mtoto kunyonya bila ushauri wa daktari.

Kwa maoni yangu, tukubali neno limfu, kisha tulifafanue: "Mafuta ya chakula yanavuja njiani kabla ya kufika kwenye damu." Sentensi hiyo haimtishi mzazi wala haimbebeshi lawama. Anayetakiwa kutia sahihi mtoto apasuliwe ana haki ya kuelewa kinachoshonwa.