Urejeshaji wa Uoto wa Asili

Katika taarifa za misitu na hifadhi, istilahi hii hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni jina jingine la upandaji miti. Urejeshaji wa uoto wa asili ni kazi ya kuirudisha mimea ya mahali fulani, kwa aina zake na kwa mpangilio wake, baada ya kufyekwa, kuchomwa au kusongwa na mimea ya kigeni, ili viumbe walioitegemea wapate tena pa kuishi. Kila neno katika istilahi hii lina kazi yake.

Tuanze na uoto. Nomino hii imetokana na kitenzi "ota", nayo hubeba kila mmea uliopo: miti mirefu, vichaka, mimea itambaayo, kangaga na nyasi. "Msitu" lisingetosha, kwa kuwa mbuga na vinamasi navyo vina uoto wake, na anayeijaza mbuga ya nyasi miti anaiharibu.

Derema, katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Kwa miaka mingi wakulima walilima iliki huko chini ya miti mikubwa. Iliki hupenda kivuli, hivyo miti mingi iliachwa. Vilivyopaliliwa ni vichaka na miche ya porini. Aliyetazama kwa mbali aliona msitu, kumbe miti ile mikongwe haikuwa na ya kuirithi. Katika miaka ya 2000, wakulima walilipwa fidia, na eneo likatengwa liwe ushoroba wa kuunganisha msitu wa Amani na misitu iliyo kaskazini yake.

Neno la pili ni asili, na hapa wengi huteleza kwa kudhani kwamba mti wa asili ni mti wa nchi. Maesopsis eminii ni mti wa Afrika, tena huko Kagera na Uganda ni mwenyeji halisi. Huko Usambara mti huo uliletwa na watu, katika zama za kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha Amani mwaka 1902. Baadaye ukataji wa magogo kwa mashine ulifungua mianya msituni, hondohondo wakala matunda yake na kutawanya mbegu, mti ukaenea hadi ukawa mvamizi. Mpaka wa taifa, basi, hauamui lolote hapa. Kinachoamua ni mahali penyewe.

Urejeshaji umetokana na "rejesha", na kiambishi -ji kinaashiria mchakato, jambo linalofaa kwa kazi ya miongo. Baadhi ya waandishi hupendelea "ufufuaji", lakini uoto uliopungua si lazima uwe umekufa. "Uboreshaji" nao hauelezi tunaelekea hali gani. Anayerejesha sharti ajue palikuwa na nini, na hilo hulijua kwa kuchunguza mabaki ya msitu yaliyo karibu na kuwauliza wazee wa hapo.

Ndiyo maana hatua ya kwanza mara nyingi si kupanda. Ni kuzuia moto, mifugo na panga, ili mbegu na visiki vilivyobaki vichipue vyenyewe. Pale mbegu zilipokwisha, hukusanywa katika msitu wa jirani na kuoteshwa kitaluni. Mimea vamizi huondolewa kwa awamu, kwa sababu mwanya mkubwa unaofunguka ghafla hukaribisha wavamizi wengine, kama vile Lantana.

Lengo ni makazi ya wanyamapori, na makazi ya mnyama hujumuisha malisho, maficho na mazalia yake. Ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui, yumo hatarini kutoweka. Anajulikana Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji tu. Hutafuta wadudu katika mimea itambaayo iliyosongamana. Shamba la miti lililopandwa kwa mistari na kupaliliwa safi halimfai kitu, hata likiwa na miche milioni.

Hesabu za serikali nazo zinatofautiana kwa vipimo. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tanzania, katika mpango wa Afrika uitwao AFR100, imeahidi kurejesha hekta milioni 5.2. Idadi ya miti au ya hekta haitoshi kutueleza kama kiumbe yeyote amepata makazi.

Basi mwandishi au ofisa anayetaka kutumia istilahi hii aulize kwanza: ni mimea gani, ni ya hapa au ya kwingine, na itamfaa kiumbe gani? Akikosa majibu, akabaki na idadi ya miche tu, aandike "upandaji miti". Hilo nalo ni jina la heshima, ila ni la kazi nyingine.