Meli ya Matanga, Sehemu ya 3: Meza Moja

Mama zangu na baba vijana, mtoto ameshalala? Basi tuendelee na ile meli yetu, Sea Cloud.

Mnakumbuka ilijengwa Kiel, Ujerumani, mwaka 1931: milingoti 4, matanga 30, na binti mdogo Dina akikimbia sitahani, kwa kuwa meli ni ya mama yake, tajiri Marjorie Merriweather Post. Mwaka 1942, vita imepamba moto, serikali ya Marekani ikaikodi kwa dola 1 tu kwa mwaka. Milingoti ikang'olewa. Ikawa inapima hali ya hewa katikati ya Atlantiki.

Siku zile baharia Mweusi kazi yake karibu yote ilikuwa jikoni na kuwahudumia maofisa. Carlton Skinner, ofisa Mzungu, aliwahi kufanya kazi na mhudumu Mweusi aliyejua mashine vizuri kabisa, lakini cheo cha ufundi ananyimwa kwa sababu ya rangi. Jambo hilo likamkaa moyoni. Alipopewa Sea Cloud mwaka 1943 akawachanganya watu: zamu moja, sehemu moja ya kulala, meza moja ya chakula. (Sisi wa zamu za usiku tunajua uzito wa kula pamoja.) Mchoraji Jacob Lawrence alikuwa mmoja wao. Meli ikakaguliwa mara mbili, dosari hakuna. Na amri ya kuondoa ubaguzi katika majeshi yote ya Marekani? Mwaka 1948!

Dikteta Trujillo, aliyeichukua 1955, namwachia sehemu ijayo, nikitoka zamu. Siku hizi inabeba watalii 64, na matanga bado yanapandishwa kwa mikono.