Pembe ya pili: biashara ambayo Civilization inaikataza

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na programu za simu, tuongee historia kidogo. Wale wa gemu msikimbie, kwa sababu safari yetu inaanzia huko huko.

Kila aliyecheza Civilization anaijua hesabu hii. Unapata pembe za ndovu kwenye himaya yako, watu wako wanafurahi. Unapata pembe za pili, hakuna kinachobadilika. Katika toleo la 5, lililotoka mwaka 2010, bidhaa ya kwanza ya anasa inakupa furaha 4, na ya pili ya aina ile ile inakupa sifuri. Basi unamtafuta mpinzani wa kompyuta asiye na pembe, unampa hiyo ya pili. Yeye anakulipa dhahabu, au anakupa hariri yake ya ziada. Wachezaji wa toleo hilo wanaijua kwa kichwa namba 240, yaani dhahabu ambayo kompyuta iliyo rafiki yako hutoa kwa bidhaa moja, kwa mkataba wa zamu 30.

Biashara ya namna hii iliingia katika toleo la 3, mwaka 2001, lililokuwa na bidhaa 8 za anasa, pembe za ndovu zikiwa mojawapo. Siri yake ni fupi: thamani haimo ndani ya kitu. Imo katika pengo lililopo kati ya mwenye vingi na asiye nacho.

Sisi wa Mombasa hatukungoja gemu itufundishe hilo. Lakini gemu yenyewe imeliacha nje jambo moja, na jambo hilo ndilo lililoujenga mji wetu.

Wenye pembe wasiozitumia

Al-Masudi, mwandishi kutoka Baghdad aliyesafiri hadi pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba Wazanji waliwinda ndovu lakini pembe hawakuzitumia wao wenyewe. Zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Akaongeza kwamba lau si njia hiyo, pembe zingekuwa tele katika nchi za Kiislamu. Na Wazanji walijipamba kwa nini? Kwa chuma, anasema, badala ya dhahabu na fedha.

Ukimsoma kama mchezaji, huo ni ukurasa wa biashara wa karne ya 10. Upande huu pembe hazina kazi, upande ule zinatafutwa kwa udi na uvumba.

Upande ule ulikuwa na kina Gujarat. India ina ndovu wake, lakini pembe za Afrika ni kubwa zaidi na laini kuchonga. Huko zilitengenezwa bangili za maharusi, na kwa desturi bangili hizo hazikurithiwa. Ziliharibiwa mke alipokufa au alipofiwa na mumewe. Kwa hivyo soko halikujaa. Mpinzani wa kompyuta akishapata pembe moja hashughuliki na ya pili, bali mnunuzi wa Gujarat alirudi kila msimu.

Upande wa tatu

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika toleo la 5, bidhaa uliyoinunua kwa mwenzako huwezi kumwuzia mtu mwingine. Unaruhusiwa kuuza kilichotoka kwenye ardhi yako tu. Mkataba una pande mbili, basi.

Iweke Mombasa kwenye sheria hiyo uone. Kutoka hapa Bondeni hadi Bandari ya Kale ni mwendo wa miguu tu, na njia nzima hukanyagi shamba wala mgodi. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alikuta ndizi, ndimu na samaki, lakini nafaka watu wa kisiwa waliletewa kutoka nje. Pembe zilitoka bara. Shanga na nguo za pamba zilitoka Cambay, kule Gujarat. Vyombo vya kauri vilitoka China. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kuhusu wafanyabiashara wa Mombasa waliopeleka nguo na shanga za Cambay hadi Sofala na kurudi na dhahabu. Nguo si zao, dhahabu si yao, na mji ukatajirika.

Kwa sheria za gemu, mji huo ungekufa njaa.

Naelewa kwa nini walioandika programu waliziba mlango huo. Ukiruhusu A amwuzie B, B amwuzie C, C amwuzie D, unapata mnyororo. A akikatisha mkataba, lazima programu ifuate kila pete na kuamua nani amevunja ahadi kwa nani. Kisha kompyuta zitaanza kuuziana kitu kile kile mzunguko mzima. Kuandika mstari mmoja unaosema "cha kununua hakiuzwi" ni rahisi zaidi. Mimi pia huenda ningefanya hivyo nikiwa nimebanwa na tarehe ya mwisho.

Lakini kila kilichofutwa ili programu iwe nyepesi ni kitu fulani cha kweli. Hapa aliyefutwa ni mtu wa kati. Tazama toleo la 6, la mwaka 2016. Zanzibar imo, na ukiwa mlinzi wake unapata mdalasini na karafuu, bidhaa zisizopatikana kwingine kokote kwenye ramani. Mikarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia Mauritius na Réunion. Gemu imeiona Zanzibar kama shamba. Njia panda haikuiona.

Namba ya urafiki

Mnyororo wa kweli ulikuwa haukatiki ovyo. Kwa nini? Hapa gemu imekaribia ukweli, maana kila mpinzani wa kompyuta ana namba yake ya kukupenda au kukuchukia, na bei hufuata namba hiyo.

Periplus, kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 kilichoandikwa kwa Kigiriki, kinaorodhesha bidhaa zilizoletwa pwani yetu: mikuki, mashoka, visu, vyombo vya kioo. Halafu kinataja divai kidogo na ngano, na kusema wazi kwamba hizo hazikuwa za kuuzwa. Zilikuwa za kuwafurahisha wenyeji. Kitabu hicho hicho kinasema manahodha Waarabu waliotumwa huku waliijua lugha ya wenyeji na walioana nao.

Mogadishu, mwaka huo wa 1331, Ibn Battuta aliona utaratibu kamili. Jahazi likifika, vijana walitoka kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alikaa kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemwuzia na kumnunulia. Aliyempunja mgeni, au aliyefanya naye biashara bila mwenyeji kuwepo, mauzo yake yalibatilika. Mgeni hakuwa na haraka pia: aliletwa na kaskazi, na kuondoka kulingoja kusi. Miezi kadhaa ya kukaa pamoja ilikuwa ndiyo dhamana.

Wachezaji wa toleo la 5 wanaujua ujanja mmoja wa zamani. Unauza pembe kwa dhahabu ya mkupuo, kisha unatangaza vita papo hapo. Mkataba unakufa, dhahabu inabaki kwako. Mwaka 2013 nyongeza ya Brave New World ilibana mwanya huo: dhahabu ya mkupuo inatolewa kwa rafiki aliyetangazwa tu.

Mombasa hakukuwa na wa kubana mwanya. Agosti 1505 Francisco de Almeida aliuvamia mji, akaupora na kuuchoma. Wareno walirudi kuupiga tena mwaka 1528, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga Fort Jesus. Walitaka majahazi ya Bahari ya Hindi yachukue vibali vyao na kulipa ushuru wao. Walichotaka ni kukaa pale katikati bila kulisha mgeni, bila kuoana na mtu, kwa mizinga tu. Ngome waliipoteza kwa Waomani mwaka 1698.

Wasiokuwepo mezani

Lakini tusijipambe. Mtu wa kati naye ana deni lake.

Karne ya 19 mnyororo ulirefuka. Wakamba walileta pembe kutoka bara, Wagiriama na Waswahili wakazipokea, fedha zikatoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Marekani nayo ikaingia. Nguo za viwanda vya Massachusetts zilienea hadi zikaitwa merikani, na pembe zilikwenda Connecticut kuwa vibonyezo vya piano. Ndovu wa karibu wakapungua, misafara ikasonga mbali zaidi, hadi Baringo na kupita. Wapagazi walibeba, na njia hizo za pembe zilikuwa pia njia za watumwa.

Ndani ya gemu kigae chenye ndovu hakiishi. Uza zamu 30, uza tena 30, ndovu wapo pale pale, na hakuna mgongo unaobeba. Nairobi mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe kuuonyesha ulimwengu kwamba ndovu wanaisha. Mwaka 2014 zaidi ya tani 2 zilikamatwa mjini Mombasa. Mwaka 2016 serikali ilichoma tani 105. Mji wetu ulikuwa bado katikati ya pengo lile lile la Al-Masudi, ila sasa kila pembe ilikuwa ya mwisho ya ndovu fulani.

Ingekuwa mimi ninayeandika gemu hiyo, ningeongeza mambo mawili. La kwanza, ruhusa ya kuuza ulichonunua, kwa sharti kwamba kila bidhaa ibebe orodha ya mikono iliyopitia, na bei ifuate urafiki wa mnyororo mzima. La pili, kigae kinachopungua kila kinapovunwa. Gemu ingekuwa ngumu zaidi, lakini ndani yake mji kama Mombasa ungeweza kuzaliwa, kutajirika, na kulipa gharama.

Gemu za biashara tupu kama Patrician zinaruhusu la kwanza, ila humo wewe ni tajiri mwenye meli, si taifa. Kama kuna msomaji anayeijua gemu ya himaya yenye yote mawili, aniandikie. Nitaijaribu, kisha nitawaletea habari.