Shira, Guru na Molasi: Utamu wa Muwa na Majina Yake Kanduyi

Makala haya yanadai kwamba historia ya utamu wa muwa imehifadhiwa katika majina yake matatu. La kwanza, shira, lina asili ya Kiajemi na lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Huko mwambao ndilo rojo la sukari na iliki linalovishwa kaimati, hasa mwezi wa Ramadhani. La pili, guru au nguru, ni la Kihindi: maji ya miwa yaliyochemshwa hadi yakagandamana. La tatu, molasi, ni la kiwandani.

Katika eneo la Kanduyi, Bungoma, jina hili la tatu lilitia mizizi baada ya Kampuni ya Sukari ya Nzoia kuasisiwa mwaka 1975 na kuanza uzalishaji 1978. Molasi ni rojo jeusi linalosalia baada ya chembe za sukari kutengwa. Hulishwa ng'ombe. Aidha, pamoja na guru, huingia katika mapipa ya chang'aa, pombe iliyopigwa marufuku 1980 na kuruhusiwa kwa leseni 2010.

Hapa ndipo jina linapohukumu. Muwa ni mmoja: zao lake la jikoni husifiwa, la pipani hushtakiwa. Naye mkulima kwa miaka mingi amelipwa kwa uzito wa miwa, si kwa molasi itokayo humo. Wahenga walinena: chovya-chovya humaliza buyu la asali. Hatuna budi kuuliza: mchovyaji ni nani, na buyu ni la nani?