Mashine Zilivyojifunza Kusema
Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima

Leo tutasoma historia ya mashine zisemazo. Lakini kwanza kila mmoja aweke vidole kooni. Semeni "zzz". Mnasikia mtetemo? Sasa semeni "sss". Mtetemo umekoma, wala ulimi haukuhama mahali pake. Haya, zibeni pua mseme "mama". Neno linakwama, maana sauti ya m hupitia puani.

Basi maneno yetu yote hutokana na mambo matatu: pumzi, koo, na umbo la kinywa na pua. Waliotaka kuunda mashine ya kusema iliwabidi waanze hapo.

Mtu mmoja wa zamani aliyefanya hivyo ni Wolfgang von Kempelen, mtumishi wa serikali ya kifalme huko Vienna, nchi ya Austria. Mwaka 1791 alitoa kitabu kueleza jinsi binadamu asemavyo na jinsi alivyounda mashine yake. Mvukuto, kama ule wa mhunzi, ulikuwa badala ya mapafu. Ulimi mwembamba utetemekao, kama wa zumari, ulikuwa badala ya koo. Kinywa kilikuwa cha mpira, naye alikibana na kukiachia kwa mkono. Kwa m na n alitoboa matundu mawili, mfano wa pua.

Mwaka 1939, katika maonyesho makubwa ya New York, Marekani, watu walisikia Voder, chombo cha umeme alichobuni Homer Dudley wa maabara ya Bell. Mvukuto haukuwako tena. Umeme ulitoa mvumo kama wa "zzz" na mvuvumo kama wa "sss", naye mpigaji aliugeuza kuwa maneno kwa vidole vyake, kama apigaye kinanda.

Mwaka 1961 John Kelly na Carol Lochbaum, wa maabara hiyo hiyo, waliitia kompyuta hesabu za njia ya sauti toka kooni hadi midomoni. Kompyuta ikaimba wimbo.

Pengine mtauliza, kazi yote hiyo yafaa nini? Sikilizeni. Mwaka 1985 Stephen Hawking, mtaalamu wa Uingereza ambaye maradhi yalikuwa yamempooza mwili, alipasuliwa koo ili aokoke. Akaokoka, lakini sauti ikapotea. Mtu alimwonyesha herufi kwenye kadi, naye akainua nyusi alipofika herufi aitakayo. Hivyo ndivyo alivyotunga neno, herufi moja moja. Ninyi mnaojifunza kusoma mwaijua taabu hiyo.

Baadaye alipata kompyuta ya kumsemea. Sauti yake ilitokana na kazi ya Dennis Klatt wa Marekani, aliyechunguza sauti za lugha miaka mingi na kutumia sauti yake mwenyewe kuwa kielelezo. Klatt alifariki mwaka 1988. Hawking aliendelea kusema kwa sauti ile hadi kufa kwake mwaka 2018, na alipoletewa nyingine iliyo bora, aliikataa. Alisema kuwa hiyo ndiyo yake.

Kwa wiki ijayo, wekeni tena vidole kooni mseme f, kisha v. Andikeni daftarini ni ipi itetemayo. Kwaherini.