Ketura: Mke au Suria?

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 25, chaeleza kwamba Ibrahimu alioa mke mwingine, Ketura, aliyemzalia wana 6, Midiani akiwa mmoja wao. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati chamwita suria. Tofauti hiyo haikuwa ya jina tu, bali ya urithi: Isaka alipewa mali yote, wana wa masuria walipewa zawadi, wakapelekwa mashariki baba yao angali hai. Rashi, mfafanuzi wa Torati wa karne ya 11, alishika kwamba Ketura ndiye Hajiri. Mjukuu wake Rashbam akamkatalia, na kwa haki. Ibrahimu alipozikwa Makpela, alikolala Sara, waliotajwa kumzika ni Isaka na Ishmaeli. Wana wa Ketura hawamo.