Ndege Kongwe za Kivita: Maneno ya Angani na Ajali ya Tabora ya Mwaka 1920

Mwalimu mmoja wa Cheyo, mjini Tabora, ametuandikia akitaka msaada katika jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo. Aliwapa wanafunzi wake kifungu cha Kiingereza wakifasiri. Kifungu chenyewe chasimulia habari za mtu aliyekuwa akipalilia bustani yake, mara akasikia mngurumo asioutazamia. Alipoinua macho akaona ndege tatu za vita za zama zilizopita zikipita chini chini juu ya paa la nyumba yake, naye akaingiwa na hali ambayo wanafunzi hawakukubaliana jina lake. Mwanafunzi mmoja aliandika kuwa mtu huyo aliona "ndege kuukuu za vita". Wa pili akaandika "ndege mbovu". Wa tatu, ambaye yamkini alidhani amewashinda wenzake, aliandika kwamba "ndege wakongwe wa vita" walimpitia juu. Mwalimu anauliza ni nani astahiliye alama.

Tukiri kwamba huyo wa tatu alituchekesha. Hata hivyo kosa lake latupeleka kwenye historia yenyewe, kwa hiyo tutaanza na yeye.

Kamusi ya Kiswahili ya Madan ilichapishwa mwaka 1903, na Desemba ya mwaka huo huo ndipo ndugu wawili wa Wright waliporusha chombo chao huko Marekani. Basi katika Kiswahili cha wakati ule ndege alikuwa mnyama mwenye mbawa, tena ndege ilikuwa dalili ya heri au ya shari: mtu alisema amepata ndege njema au ndege mbaya kabla ya kushika njia. Chombo cha kuruka kilipokuja, kwa muda kiliitwa eropleni kwa kuliazima neno la Kiingereza. Lakini neno la mkopo halikudumu, na jina la kiumbe likatwaa mahali pake. Lugha haikuchanganyikiwa hata kidogo, kwa sababu upatanisho wa kisarufi ulitenganisha vitu hivyo viwili. Twasema "ndege mkubwa amepita" tukikusudia korongo au tai, na "ndege kubwa imepita" tukikusudia chombo. Msomaji atambue jambo la ajabu kidogo hapa: chombo hakikufuata upatanisho wa kiumbe ambaye kilitwaa jina lake, bali kilikaa pamoja na ile ndege njema na ndege mbaya. Mwanafunzi wetu, kwa kuandika "wakongwe", amepitisha angani korongo watatu wazee wenye silaha.

Maneno mengine ya jamii hiyo yalipatikana kwa njia iyo hiyo ya kukipa kitu kipya jina la kitu kilichozoeleka. Rubani alikuwa mwenye kuongoza chombo baharini, akiwajua miamba na mikondo, kabla hajapandishwa angani. Kutungua ni kuangusha kilichoangikwa juu, kama embe kwa ngoe. Leo ndege ya adui hutunguliwa. Na watu wa Unyamwezi, ambao asali yao yajulikana nchi nzima, hawahitaji kuelezwa kwa nini silaha ndefu yenye uwazi ndani iliitwa mzinga.

Sasa tuje Tabora. Mji huu ulikuwa na desturi zake za kupokea wageni. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitumia muda mrefu njiani. Stanley, mwaka 1871, alitembea karibu miezi mitatu. Habari za msafara zilitangulia, na ulipokaribia ulijitangaza kwa ngoma na milio ya bunduki, hata wenyeji wakawa na wasaa wa kujiandaa. Reli ilipofika mwaka 1912, treni nayo ilikuwa na saa zake. Chombo cha angani ndicho cha kwanza kuja bila kumpa mtu nafasi ya kujiandaa: mngurumo husikika, na kabla mtu hajamaliza kuuliza ni nini, kimekwisha kuwa juu yake.

Februari 1920 chombo cha namna hiyo kilifika Tabora. Kilikuwa ndege ya Vickers Vimy, yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, na injini mbili za Rolls-Royce. Vimy zilibuniwa katika Vita Kuu ya Kwanza ili ziende mbali na kuipiga Ujerumani mabomu, lakini vita vilikwisha Novemba 1918 kabla hazijapata kutumika kwa kazi hiyo. Ndege ya namna hiyo ndiyo iliyowavusha Alcock na Brown bahari ya Atlantiki bila kutua, Juni 1919. Hiyo iliyokuja Tabora ilikuwa imetengenezwa kwa umbo la kuchukua abiria, ikiwa na mwili mnene kuliko dada zake za kivita. Iligharimiwa na gazeti la The Times la London, ikaondoka Uingereza Januari 24 ikikusudia kufika Cape Town. Marubani walikuwa Kapteni Cockerell na Kapteni Broome, pamoja na mafundi wawili, na abiria mmoja mwanazuoni wa elimu ya wanyama, Dakta Chalmers Mitchell. Walifuata Mto Nile hadi Ziwa Viktoria, wakisumbuliwa na injini mara kwa mara. Februari 27, ilipojaribu kuruka kutoka Tabora, ndege ilianguka ikavunjika. Hakuna aliyekufa, lakini safari ilikoma hapo.

Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na joto huipunguza uzito zaidi. Mabawa hayapati cha kuegemea, na injini hupungukiwa nguvu. Vimy nyingine iliyokuwa katika safari kama hiyo, ya van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini, ilianguka Bulawayo siku chache baadaye. Hao walipewa ndege nyingine, wakafika Cape Town Machi 20.

Jambo moja halisimuliwi sana katika habari hizi. Njia ile ya anga ilitengenezwa ardhini, kwa mikono. Mwaka 1919 viwanja vilisafishwa kutoka Misri hadi Cape Town, na katika nchi zetu adui mkubwa alikuwa kichuguu. Huko Ndola, Zambia ya leo, watu 700 walifanya kazi kwa miezi kadhaa kuondoa yapata tani 25,000 za udongo wa vichuguu. Kwa hiyo neno letu "uwanja wa ndege" lina jasho ndani yake. Uwanja ni mahali palipofyekwa na kusawazishwa, na sisi twaona waliolichagua neno hilo walilipatia.

Turudi kwa wanafunzi. Yule wa kwanza na wa pili wamekosea kwa namna moja. "Mbovu" ni kitu kisichofanya kazi, ilhali ndege zile zilikuwa zikiruka. "Kuukuu" ni kilichochakaa kwa kutumika, kama nguo au jamvi, na aghalabu husemwa kwa kudharau. Mwandishi wa kifungu hakudharau. Alikusudia kitu ambacho umri wake umekiongezea thamani. Kwa maana hiyo Kiswahili kina neno "-kongwe", ambalo hubeba umri pamoja na heshima: chama kikongwe, mti mkongwe, nyumba kongwe. Basi tunapendekeza "ndege kongwe ya kivita". "Ndege ya kale" hatuikatai, ila kale ni mbali mno kwa chombo ambacho hakijatimiza miaka mia na thelathini tangu kibuniwe.

Wafasiri wajihadhari na jambo la pili. Mwaka 1999 Vimy ilionekana tena ikiruka kutoka Uingereza hadi Cape Town kuikumbuka safari ya 1920. Hiyo haikuwa ndege kongwe. Iliundwa upya na kurushwa mara ya kwanza mwaka 1994. Hiyo yaitwa nakala. Lakini mwaka 2016 ulipita Kenya na Tanzania msafara wa ndege za mabawa mawili za miaka ya 1920 na 1930, kutoka Krete hadi Cape Town, na miongoni mwake zilikuwamo za aina ya Tiger Moth, ambazo katika Vita Kuu ya Pili zilifundishia marubani wa vita. Hizo ni kongwe kweli kweli. Na tufurahi kuwa neno "msafara", lililozaliwa kwa miguu, limezifaa hizo pia.

Limebaki jina la ile hali iliyompata mwenye bustani. Mwalimu anasema wanafunzi walitaja furaha, mshangao, hofu, na mmoja bumbuwazi. Sisi twachagua "msisimko", na sababu yetu ni kwamba neno hili halisemi mapema kama jambo ni jema au baya. Mwili husisimka kwa baridi, kwa hofu, na kwa furaha pia; vinyweleo husimama kwanza, akili hufuata.

Mfasiri wa Tanzania hawezi kulisahau hilo. Mwaka 1916 ndege zinazotua majini, zilizoazimwa na Waingereza kwa Wabelgiji, ziliipiga Kigoma mabomu zikitokea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika; Kigoma ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji, na Septemba 19 Tabora nayo ikatwaliwa na jeshi lao, ambalo askari wake wengi walikuwa watu wa Kongo. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin ziliishambulia Bukoba. Machi 1979 ndege ya Libya ililenga Mwanza, mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama waliohifadhiwa humo. MiG-17 na MiG-21, aina alizokuwa nazo Amin, leo zimo katika majumba ya makumbusho ya ndege, na mahali pengine hurushwa katika maonyesho mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Zimekuwa kongwe. Mtu wa Bukoba aliyezikimbia akiwa mtoto akisikia mngurumo huo tena, mwili utamsisimka kama ule wa mwenye bustani, na neno ni lile lile. Lakini yeye hataliweka pamoja na furaha. Ndiyo maana twamwomba mfasiri asiongeze "wa furaha" mahali ambapo mwandishi hakuongeza.

Kwa mwalimu wa Cheyo tumejibu hivi: "Akasikia mngurumo, akainua macho, akaona ndege tatu kongwe za kivita zikipita juu ya paa, na mwili ukamsisimka." Alama ni zake kutoa. Sisi tungempa yule wa tatu nyingi kuliko wenzake, kwa ajili ya sifa aliyoichagua, na tungemkata moja tu kwa wale korongo.